Mizani inamtazama nani?

Pale Wandegeya, si mbali na taa za kuongozea magari, kuna vijana wanaojipatia riziki kwa mizani ya bafuni waliyoiweka kando ya barabara. Unapanda, unainama, unasoma uzito wako mwenyewe, unatoa sarafu zako, kisha unaendelea na safari yako ya Mulago au Makerere. Nimewatazama kwa miaka sasa, na nimefikia kuamini kwamba hiyo ndiyo biashara pekee ya vipimo katika mtaa ule ambamo anayelipa ndiye anayesoma. Kwingine kote, kuanzia meza ya maharage hadi kwa mnunuzi wa mahindi kule mpakani, kipimo kinamtazama mwenye kipimo. Mteja anatajiwa.

Leo naomba nizungumze na makundi mawili ya wasomaji. Kundi la kwanza ni ndugu zetu wanaorejea nyumbani, kutoka Muscat, Dubai, Juba au London, wakiwa na akiba kidogo na nia ya kuanza biashara ya nafaka. Kundi la pili ni ninyi mnaovuka Busia, Malaba na Mutukula kila wiki na mizigo yenu. Wa kundi la kwanza wanaamini mno tarakimu zinazowaka. Wa pili wamechoka kubishana, wanachukua wanachotajiwa. Wote wawili wanapoteza fedha, na baya zaidi, wanapoteza na watu wao wema kwa kuwashuku bure.

Tuanze na soko lenyewe. Mizani inayotumika zaidi kwa mboga, nyama na nafaka ni ile yenye sura ya duara kama saa ya ukutani, mshale mmoja na sahani juu au ndoano chini. Ni chombo kizuri. Hakihitaji betri, na mtu asiyejua kusoma vizuri anaweza kuuona mshale ukipanda. Lakini kina tabia tatu ambazo ni lazima uzijue.

Ya kwanza ni sifuri. Kabla mzigo haujawekwa, mshale unatakiwa ulale juu ya sifuri, na sahani ikiwa pale pale itakapopimiwa. Mara ngapi tunaangalia? Sisi huangalia mshale unapoishia, hatuangalii ulipoanzia. Mshale ulioanza gramu 200 mbele ya sifuri utakuuzia gramu 200 za hewa kila mara, hata kama sehemu nyingine yote ya mizani ni safi kama maji ya mvua.

Ya pili ni mistari. Katika mizani ya kilo 50 ya aina hii, mara nyingi mstari mmoja mdogo ni gramu 200. Maana yake ni kwamba mtu anayekutajia "kilo saba na gramu hamsini" kutoka kwenye sura ile anakutungia hadithi. Mizani hiyo haina uwezo wa kuona gramu 50. Mwenye jicho zuri atakadiria nusu ya mstari, basi.

Ya tatu ndiyo wengi hawaijui. Mshale haujagusa sura ya mizani, unaelea mbele yake kidogo. Ukisimama mbele yake sawasawa utausoma ulipo. Ukisimama upande wa kulia utauona umesogea kushoto, na ukisimama kushoto utauona umesogea kulia. Sasa fikiri mpangilio wa meza zetu: muuzaji yuko mbele ya mizani, mteja yuko pembeni akichungulia juu ya lundo la nyanya. Watu wawili waaminifu kabisa wanaweza kuona namba mbili tofauti kwenye mshale mmoja! Mafundi wa vipimo vya umeme walilijua hilo zamani, ndiyo maana vipimo vyao vya mshale vilivyo bora vina kioo chembamba nyuma ya mshale: unasogeza kichwa mpaka mshale uufunike mwili wake kwenye kioo, ndipo unasoma. Mizani ya sokoni haina kioo hicho. Iliyo nzuri ina sura mbili, moja mbele na moja nyuma. Hiyo ndiyo tunayopaswa kuidai.

Hapo sasa ndipo shida yetu ya kweli inapoanza, nayo si ya chuma wala springi. Ni ya aibu. Jaribu kumwambia mama wa maharage, "Nnyabo, naomba ugeuze mizani nami nione." Atakutazama machoni. "Ssebo, kwani huniamini?" Wateja waliosimama nyuma yako watakutazama pia. Umemwita mwizi mbele ya watu, na wewe ulitaka kusoma namba tu. Wengi wetu hunyamaza, tukalipa tukaondoka. Mama yule si mbaya. Katika meza kumi, wenye kuchezea mizani huenda wasiwe wengi. Tatizo ni kwamba tumeuacha mpangilio ambao kusoma kunahitaji ujasiri, na mpangilio wa namna hiyo humlinda yule mmoja mwenye hila kuliko wale wengine wasio nayo.

Kuna wanaosema dawa ni dijitali. Ndugu waliotoka Ghuba hasa ndio wenye imani hiyo, kwa sababu huko walizoea duka kubwa ambapo mashine inapima, inachapa karatasi, inabandika, na hakuna wa kuuliza. Wakirudi Kampala na kuona tarakimu nyekundu zikiwaka mezani, moyo unatulia. La hasha! Tarakimu haina ukweli zaidi ya mshale. Ina sura ya ukweli tu.

Tazama vizuri mizani ya dijitali ya dukani. Ina madirisha matatu: uzito, bei ya kilo moja, na jumla ya kulipa. Nyingi zimetengenezwa na madirisha hayo hayo upande wa nyuma, makusudi kabisa, kwa ajili ya mteja. Mtengenezaji alikufikiria wewe. Sasa hesabu ni meza ngapi ambazo upande huo umeegemezwa ukutani, au umefunikwa na mfuko wa kaveera, au umewekewa mafungu ya vitunguu. Halafu kuna kitufe kilichoandikwa TARE. Kazi yake halali ni kuondoa uzito wa chombo: unaweka bakuli tupu, unabonyeza, namba inarudi sifuri, ndipo unatia sukari. Tuseme bakuli lile ni la gramu 150. Likiondolewa, mizani huonyesha kasoro gramu 150, na mnunuzi wa mazao anayepima mzigo wako bila bakuli hilo juu amekwisha kukupunja kabla hajaanza. Kwa mshale ungeona umelala chini ya sifuri. Kwa dijitali kuna alama ndogo tu ya kutoa mbele ya tarakimu, na mara nyingi hakuna anayeitazama.

Tena tarakimu nyingi si usahihi mwingi. Kwa kanuni za shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, lile lililoanzishwa mwaka 1955 na lenye makao yake Paris, mizani ya biashara ya kilo 30 yenye hatua ya gramu 10 inaruhusiwa kukosea gramu 10 kwa mzigo wa kilo 10 siku ile inapohakikiwa. Hilo ni kosa la halali na la wazi. Ile mizani midogo ya plastiki ya jikoni, ambayo siku hizi imejaa kwenye meza za viungo na dagaa, haikutengenezwa kwa ajili ya biashara hata kidogo, na nyingine imeandikwa hivyo yenyewe kwa herufi ndogo. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, ndilo lenye jukumu la kuhakiki mizani ya biashara na kuitia alama. Alama hiyo ina mwaka. Soma mwaka.

Nisionekane kama ninalaumu tu, maana kuna kipimo kimoja ambacho katika maisha yangu nimekiona kikigeuka kutoka upande wa mwenye mali hadi upande wa mlipaji. Ni mita ya umeme. Wakubwa wenzangu wanaikumbuka ile ya zamani, sahani yake ikizunguka nyuma ya kioo kilichojaa vumbi, juu ya ukuta usiofikika. Mara moja kwa mwezi alikuja mtu na daftari, akasoma, akaandika, akaondoka, na asipokuja yeye ilikuja ankara ya makadirio. Mlipaji alijua alichotumia baada ya kukitumia, kwa kuambiwa. Kuanzia mwaka 2011 kampuni ya Umeme, iliyoshika usambazaji tangu Machi 2005 hadi mkataba wake ulipomalizika Machi 2025, ilianza kufunga mita za kulipia kabla zinazoitwa Yaka. Watanzania walikwisha kuyajua hayo kwa LUKU tangu miaka ya 1990. Sasa kisanduku chenye tarakimu kipo ndani ya nyumba. Unaingiza namba 20, uniti zinaonekana, unawasha pasi unaziona zinavyokimbia.

Watu wanailalamikia Yaka, na bei ya umeme ina malalamiko yake ya haki. Lakini hakuna aliyesema, "Rudisheni yule mtu wa daftari." Mtoto wa darasa la nne anajua kwamba birika la umeme linakula uniti kuliko balbu, kwa sababu ameona kwa macho yake. Hicho ndicho kinachotokea kipimo kinapomtazama anayelipa: anajifunza. Kasoro niliyobaki nayo ni ya vyumba vya kupanga, ambapo mita ni moja, kisanduku kiko sebuleni kwa mwenye nyumba, na wapangaji sita wanachangishwa kwa kauli yake. Hapo tumerudi kwenye daftari kwa mlango wa nyuma.

Pampu ya mafuta nitaipitia haraka. Inamtazama mteja, inaanza sifuri, inaonyesha fedha, lita na bei. Kosa linalokubalika ni mililita 100 kwa lita 20. Vizuri. Ila kuna jambo moja ambalo vijana wa boda boda hawaambiwi. Kila pampu ina kiasi cha chini inachodhaminiwa kupima kwa usahihi, kimeandikwa kwenye bamba lake, mara nyingi lita 2 au lita 5. Kijana anayenunua ya shilingi 5,000, wakati bei imekuwa ikicheza karibu na hapo kwa lita moja miaka ya karibuni, yuko chini ya kiasi hicho kila siku ya maisha yake. Pikipiki yenyewe mshale wake wa mafuta ulikufa zamani. Kipimo chake ni kuitikisa akiegemeza sikio kwenye tangi.

Sasa twende mpakani, maana huko ndiko fedha nzito zinakopotea, na nitakueleza habari ya dada mmoja bila kumtaja jina. Alifanya kazi za ndani Muscat miaka minne. Alirudi na akiba yake, akasikia mahindi yanalipa Busia, akanunua magunia 40 ya kilo 100 kutoka kwa wakulima. Alisimamia upimaji mwenyewe, mizani ya sura mbili, sifuri ikiangaliwa. Kilo 4,000 kamili. Mahindi yalikuwa mabichi kidogo, akayaanika juu ya maturubai siku kadhaa kwa msaada wa vibarua wawili, vijana wa kijijini kwake. Alipopima tena akakuta kilo 3,880.

Kilo 120 zimekwenda wapi? Aliwafukuza wale vijana wawili siku ile ile, bila malipo ya mwisho, na kijiji kizima kikajua kwamba ni wezi.

Ndugu msomaji, fanya hesabu hii pamoja nami. Mahindi yanapokuwa na unyevu wa asilimia 16, katika kilo 4,000 kuna kilo 640 za maji na kilo 3,360 za mahindi yenyewe. Ukiyakausha hadi asilimia 13.5, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa na kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi, zile kilo 3,360 hazipungui hata punje, lakini sasa ni asilimia 86.5 ya mzigo. Gawanya: unapata kilo 3,884. Zaidi ya kilo 115 zimepanda mbinguni kama mvuke, na zile nne zilizobaki ni pumba, vumbi na punje zilizoliwa na kuku. Wale vijana hawakuiba kitu. Mizani zote mbili zilisema kweli. Kipimo kilichokosekana ni cha unyevu, siku ya kununua, na kwa kukosekana kwake dada yule alilipia maji kwa bei ya mahindi, kisha akawatwisha wenzake wizi.

Alipofika Busia na mzigo wake mkavu, mnunuzi alitoa kipimo cha unyevu kutoka mfukoni, kidubwasha cha kushikwa mkononi, akatia punje, akatazama, akasema, "Kumi na nne nukta mbili." Akakata kilo moja kwa kila gunia. Dada alipoomba kuona, kioo kilikuwa kimekwisha kuzimika.

Hapa nataka kila mfanyabiashara wa nafaka anisikilize. Kipimo cha unyevu cha mkononi hakipimi maji moja kwa moja. Kinapima jinsi umeme unavyopita au kutulia kwenye punje, halafu kinageuza jibu hilo kuwa asilimia kwa kufuata jedwali la zao husika. Ndiyo maana karibu vyote vina sehemu ya kuchagua zao: mahindi, ngano, mpunga, soya. Kikiwekwa kwenye ngano na punje zilizomo ni za mahindi, kitakuonyesha asilimia nzuri iliyonyooka, yenye nukta na kila kitu, na itakuwa si kweli. Joto la punje nalo linakiyumbisha. Hata kikiwa sawa, vingi vya aina hiyo hukosea nusu ya asilimia huku au kule. Kwa hiyo ile "nukta mbili" ya kumi na nne ni pambo. Usikubali kukatwa kilo kwa sababu ya pambo. Omba kuona zao lililochaguliwa, omba punje zipimwe mara tatu kutoka magunia tofauti, na uone kioo kila mara.

Na kama huna kipimo? Kuna njia ya chupa na chumvi, ambayo wataalamu wa kilimo wameifundisha kwa miaka mingi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi robo au theluthi, ongeza chumvi kavu kidogo, funga, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 hivi. Ikianguka chini bila kushika, yako chini ya hapo. Haikupi namba, na haitakufikisha kwenye 13.5. Lakini nimeipenda kwa sababu moja: chupa haina mbele wala nyuma. Mnunuzi na muuzaji wanaona kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Unyevu si suala la fedha peke yake. Mahindi mabichi huota kuvu, na kuvu huleta sumukuvu. Machi 2021 Kenya ilifunga mlango kwa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo, malori yakakwama, na siku chache baadaye ikafungua kwa masharti, likiwamo la cheti kuonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Nani kati yenu amewahi kuiona mashine inayosoma sehemu hizo kwa bilioni? Mnapewa karatasi. Karatasi imesema, mzigo umerudi. Sidai kwamba maabara zinasema uongo. Ninachodai ni kwamba mfanyabiashara aliyelipia kipimo apewe namba yenyewe, si neno "imefaulu" au "imekataliwa" peke yake. Mwenye mzigo uliosoma 11 na mwenye mzigo uliosoma 80 wana matatizo mawili tofauti kabisa, na masahihisho yao ni tofauti.

Mizani ya magari barabarani imefanya vizuri zaidi katika hili, naikiri kwa furaha. Dereva anapimwa ekseli kwa ekseli na anapewa karatasi iliyochapwa, na kikomo kinajulikana kwa wote: tani 56 kwa gari zima chini ya sheria ya Jumuiya ya mwaka 2013. Hata hivyo wasafirishaji wa Tanzania watakumbuka Oktoba 2013, malori yalipogoma baada ya Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, kufuta ule msamaha wa asilimia 5, hadi Waziri Mkuu Mizengo Pinda alipoingilia kati. Wenye malori walikuwa na hoja: mzigo husogea njiani, na mizani ya mji mmoja haikubaliani kwa kilo na mizani ya mji mwingine. Serikali nayo ilikuwa na hoja, kwamba msamaha ulikuwa umegeuzwa ruhusa. Kilichowezesha ubishi ule kuwa wa maana ni kwamba pande zote zilikuwa na karatasi yenye namba mkononi. Kwenye meza ya maharage hatuna hata hiyo.

Najua watakaosema turudi kwenye kopo. Debe ni debe, macho yanaona, hakuna springi ya kuchezewa. Jamani! Nani asiyejua gorogoro la upande wa Kenya lililobonyezwa kitako, au sado ya upande wa Tanzania iliyokatwa mdomo na kulainishwa vizuri? Nani hajauziwa lumbesa, gunia lililovikwa kofia ya pili, kwa bei ya gunia moja? Wazee wetu wa pwani walikuwa na pishi na kibaba, vibaba vinne kwa pishi, na hata wao walibishana kama kijazwe kwa kilele au kwa kusawazishwa na mkono. Kopo linamtazama kila mtu, ni kweli, lakini halisemi chochote isipokuwa "nimejaa." Kenya ilipoweka kanuni ya viazi ya mwaka 2019, mfuko usizidi kilo 50, wakulima wengi walishangilia kwa sababu neno "mfuko" lilipewa namba.

Ninachopendekeza hakihitaji mradi mkubwa. Soko la Wandegeya lilijengwa upya katika muongo wa 2010, chini ya mpango wa masoko uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Lina ghorofa, lina vyumba, lina walinzi. Liwekwe mizani moja ya umma kwenye lango la kutokea, yenye kioo kikubwa kinachosomeka kutoka mbali, iliyohakikiwa, ambayo mtu yeyote anaweza kuweka mzigo wake bila kumuuliza mtu. Wale mnaokwenda Guangzhou kufuata bidhaa mmeiona: masoko ya China yana mizani ya namna hiyo, na hakuna anayeona haya kuitumia. Faida yake kubwa ni kumwondolea mteja ule mzigo wa kumwambia muuzaji "geuza nione." Anapita tu langoni. Muuzaji naye anajua kwamba atapita.

Vituo vya pamoja vya mpakani navyo vipate yake. Mutukula kilizinduliwa Novemba 2017, Busia Februari 2018. Tulijengewa majengo mazuri ili mwenye mzigo asimame mara moja badala ya mbili. Anayevuka na magunia kumi kwa utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, ule wa bidhaa zisizozidi dola 2,000, angenufaika zaidi kwa mizani moja na kipimo kimoja cha unyevu vilivyowekwa mahali pa wazi, kuliko kwa mabango yote ya kumkaribisha.

Wakati tukisubiri wakubwa waamue nani atailipia, UNBS, mamlaka ya jiji au kamati ya soko kutoka kwenye ada za vibanda, kuna uhakiki mdogo ambao yeyote anaweza kuufanya kesho asubuhi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Nunua chupa ya maji ya lita moja ambayo haijafunguliwa, au kwa mizani ya magunia chukua katoni nzima ya chupa 12 za lita moja na nusu, na uombe iwekwe juu kabla ya mzigo wako. Mwambie nnyabo unataka kujua uzito wa maji yako; hakuna tusi hapo. Chupa tupu yenyewe ina gramu chache kumi-kumi, na katoni nzima ya plastiki yaweza kufika nusu kilo, kwa hiyo ukisoma kilo 18 na nusu usishtuke. Ukisoma 20, uliza kwa upole mizani hiyo ilihakikiwa mwaka gani.